Biskuti za chokoleti zisizotandaa kama chapati

Kilio ni kilekile kwa wapishi wengi wa Pwani: madonge yameingia kwenye oveni yakiwa yamekaa vizuri, dakika 8 baadaye trei nzima imekuwa biskuti moja. Lawama hutupiwa unga, au oveni. Mara nyingi mwenye kosa ni siagi.

Biskuti hizi zilizaliwa Massachusetts, Marekani, miaka ya 1930, kwa mkono wa Ruth Wakefield, na maelekezo mengi yaliyofuata yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wakisema siagi iwe na joto la chumba, chumba chao kina nyuzi 20 hivi. Jikoni Mombasa au Dar es Salaam mchana ni 30, na hapo siagi imeshaanza kulegea kabisa. Itoe kwenye friji, ikate vipande vidogo, isubiri dakika 10 tu. Ibonyeze: kidole kiache alama bila kuzama. Ukiona inang'aa, irudishe.

Kwa biskuti 18 hivi: siagi gramu 115, sukari ya kahawia 100, sukari nyeupe 60, yai 1, vanila kijiko cha chai 1, unga wa ngano wa kawaida 170, bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko, chokoleti iliyokatwakatwa 150. Pima kwa mizani. Kikombe cha unga ulioshindiliwa huzidi kwa urahisi gramu 30, na biskuti hutoka kavu, zimevimba, hazina ladha. Majarini laini ya kupaka mkate nayo ina maji mengi kuliko siagi. Ukiitumia, usishangae zikitandaa.

Sukari inataka maelezo zaidi. Ile ya kahawia ya dukani kwetu ni punje kubwa, kavu, wakati maelekezo ya kigeni yanataka laini yenye unyevunyevu. Isage kidogo kwenye blenda, kisha ichanganye na kijiko cha chai cha asali au, bora zaidi, sukari guru iliyoparwa. Punje zisiposagwa hazimaliziki kuyeyuka, utazisikia menoni.

Piga siagi na sukari dakika 2 au 3, basi. Hii si keki. Ukipiga mpaka iwe nyeupe umejaza hewa, na biskuti zitapanda kisha zitaporomoka. Tia yai na vanila. Unga uliochekechwa pamoja na soda na chumvi uingie mwisho, ukigeuza kwa mwiko mpaka weupe upotee, kisha uache. Mkono uliozoea kukanda chapati hapa ndipo unapoharibu: unga ukikandwa hushikamana na biskuti huwa ngumu. Chokoleti ya kipande ikatwe kwa kisu, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Vumbi lake pia limwage ndani.

Sasa friji, saa 1. Usiruke hatua hii. Gawa madonge ya gramu 35, yapange kwenye karatasi ya kuokea kwa nafasi ya vidole vitatu, na trei iwe baridi. Awamu ya pili ikiwekwa kwenye trei yenye moto, siagi inayeyuka kabla ya unga kushika.

Oveni nyuzi 180, iliyopashwa dakika 15, kisha oka dakika 10 hadi 12. Zitoe kingo zikiwa za kahawia na katikati pakionekana pabichi. Ndiyo, pabichi. Zinaendelea kuiva juu ya trei kwa dakika 5. Ukisubiri ziwe ngumu ndani ya oveni, zikipoa utahitaji chai ya kuzilainishia. Kwa jiko la mkaa, tumia sufuria nzito yenye mchanga mkavu chini, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini, ukioka nne nne. Chini huungua upesi, kwa hiyo anza kuchungulia dakika ya 8.

Madonge yanayobaki yagandishe. Siku ya wageni yanaingia kwenye oveni na barafu yake, unaongeza dakika 2.