Mpelekeni pasipo na pa kukimbilia

Wiki iliyopita mliuliza: safari za masomo nje ya nchi zina faida gani kwa wanafunzi wa lugha wa vyuo vikuu, au ni matembezi tu yanayogharimiwa na chuo? Nimefundisha Kiswahili kwa wageni hapa Unguja kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilisoma Kifaransa chuo kikuu mpaka nikahitimu bila kuvuka mpaka wowote. Jibu langu ni kwamba faida ipo, tena kubwa, ila haiji kwa kupanda ndege. Inakuja pale mwanafunzi anapokosa lugha nyingine ya kukimbilia. Akiwa nayo, hata akae huko mwaka mzima, atarudi na picha tu.

Nianze na hapa kwetu. Wanafunzi wa Kiswahili kutoka Ulaya na Marekani huja zaidi kati ya Juni na Septemba, vyuo vyao vikiwa likizo. Baadhi hupitia iliyokuwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo siku hizi imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Wengine huletwa kwa makundi na walimu wao. Kundi likilala hoteli moja Mji Mkongwe, siku yao inajulikana: asubuhi darasa, mchana msitu wa Jozani au shamba la viungo, jioni bustani ya Forodhani. Muuza mishikaki akiona sura ngeni anaanza na Kiingereza, na hana kosa, anatafuta riziki yake. Kiwengwa vijana wa ufukweni watamsemesha Kitaliano. Usiku wanafunzi wanakaa wenyewe kwa wenyewe wakizungumza lugha ya kwao. Kiswahili walichotumia siku nzima wangeweza kukitumia hukohuko darasani kwao.

Sasa mchukue mmoja wao, umpeleke Pemba, Wete au Micheweni, kwenye nyumba ambayo bibi mwenye nyumba hajui Kiingereza hata kidogo. Siku za mwanzo ni nzito, na nimeona waliolia. Hakuna wa kumtafsiria. Akitaka maji ya kuoga aseme, akiumwa tumbo aseme. Anatumwa dukani, muuza duka anamuuliza jambo ambalo halimo kitabuni, foleni nyuma yake inangoja. Baada ya wiki chache utamkuta barazani anabishana na watoto nani kaiba zamu kwenye bao. Hakuna aliyemfundisha kubishana. Alilazimika.

Kuna mambo ambayo darasa, hata liwe zuri vipi, haliwezi kuyafikia. Mwanafunzi anajua "hodi" tangu somo la kwanza, lakini hajui kwamba akiipiga mara tatu asijibiwe anatakiwa aondoke, wala kwamba mwanamume hapigi hodi na papo hapo kuchungulia ndani. Anajua "shikamoo", lakini hajui ampe nani, na kwamba akimpa mwanamke wa rika fulani anaweza kumuudhi kwa kumzeesha. Mke wa jirani huitwa kwa mwanawe, Mama Fulani. Anayeombwa jambo akajibu "inshallah, tutaangalia", mara nyingi ameshakataa, na ukimfuata kesho kumkumbusha unamtia aibu. Na karibu ya chakula nayo ina namna yake ya kuikubali na namna yake ya kuikataa.

Msiba ndio mtihani mkubwa. Jirani akifiwa, msichana aliyekuja na sarufi safi kabisa anafungwa leso, anakalishwa mkekani pamoja na wanawake, na hapo anagundua kwamba sentensi zake ndefu hazihitajiki. Anasema "poleni", "Mwenyezi Mungu amrehemu", kisha ananyamaza kama wenzake. Anasikia sauti zinavyoshuka, nani anaanza kuzungumza na nani anangoja, lini mazungumzo yanaruhusiwa kugeukia mambo ya bei na mvua. Siku ya hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, anapewa kitunguu cha kumenya. Akitoka hapo, watu wa mtaa wanamsemesha kwa namna nyingine, kwa kasi yao ya kawaida, bila kumpunguzia maneno. Mwalimu hana uwezo wa kumpa mtu kibali hicho.

Wapo wanaosema siku hizi intaneti imemaliza kazi hiyo: mwanafunzi wa Leipzig, Ujerumani, anaweza kuzungumza na kijana wa Tanga kwa video kila jioni. Ni jambo jema na ninawahimiza wanafunzi wangu walifanye. Lakini mazungumzo hayo yamepangwa, yana saa yake, na yakimshinda anafunga simu. Wengine wanasema basi mwalimu mzawa apelekwe kwao. Hilo nalo lina historia. Berlin, kwenye chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa 1887, Wajerumani waliokuwa wakijiandaa kuja makoloni walifundishwa Kiswahili na watu wa huku. Mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, msomi hasa, aliyefundisha huko mwanzoni mwa karne ya 20, na baadhi ya wanafunzi wake hawakutaka kumpa heshima ya mwalimu kwa sababu ya rangi yake. Walikuwa kwao. Somo likiisha walirudi kwenye Kijerumani chao, na hakuna kilichowalazimisha kumhitaji. Mwanafunzi anayemtegemea mama wa Wete kwa chakula na kwa njia ya kwenda kituo cha daladala hana nafasi ya kiburi hicho.

Uingereza, shahada ya lugha kwa kawaida ni ya miaka minne na mwaka wa tatu hutumika nje. Urefu huo naupenda. Lakini baadhi yao huenda Ufaransa au Hispania kuwa wasaidizi wa walimu wa Kiingereza shuleni, yaani wanalipwa ili wazungumze lugha yao wenyewe. Mlango wa kukimbilia wamefunguliwa na mwajiri.

Nije kwetu, maana swali lenu lisiishie kwa wageni. Vijana wetu wanaosoma Kifaransa nao wanastahili kutoka, na watu hufikiria Paris, kisha bajeti inakataa, kisha hakuna anayekwenda popote. Upo Bujumbura, Burundi, ambako Kifaransa hutumika: mji huo uko karibu na Kigoma kuliko ulivyo Dar es Salaam, na Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Tatizo ni kwamba Kiswahili kinamfuata mwanafunzi huko. Mtanzania akipanga chumba mtaa wa Buyenzi, mjini humo, ataishi kwa Kiswahili asubuhi hadi usiku. Goma na Lubumbashi, huko Kongo, ni vivyo hivyo. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua bila kuangalia nauli, ningewapeleka Abidjan, Kodivaa, ambako watu wa makabila mengi wamekifanya Kifaransa kuwa lugha ya sokoni na ya mtaani, na mwenzetu hana wa kumsaidia kwa Kiswahili.

Kiarabu kina mtego huohuo. Kijana wa Unguja anayekwenda Muscat, Oman, anafikia kwa shangazi yake. Familia nyingi zilihamia huko baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka 1970, na Kiswahili kimo majumbani hadi leo. Anarudi ameshiba halwa, Kiarabu chake kilekile. Khartoum ilikuwa inawafaa zaidi vijana wetu, mpaka vita vilipozuka Aprili 2023.

Kwa kuwa Abidjan ni mbali, bado naitetea Bujumbura, kwa masharti. Mwanafunzi asiende kusoma tu. Apewe kazi mahali ambapo Kifaransa ndicho kinachoandikwa na kusemwa: chumba cha habari cha redio, ofisi ya wakili, idara ya chuo kikuu. Wasipangwe wawili nyumba moja. Wakae muhula mzima, maana katika wiki mbili mtu anamaliza kushangaa tu. Na ripoti atakayoandika iwe juu ya jambo ambalo haliwezi kupatikana bila kuuliza watu.

Jambo la mwisho ni fedha, na hapa nina uchungu. Nimeona mipango ambayo fedha nyingi zinakwenda kwa wakala na hoteli ya mapokezi, halafu mama anayempikia, anayemsahihisha na kumuuguza mgeni kwa miezi anapewa bahasha ya shukrani siku ya kuagana. Mama huyo anafanya kazi ya ualimu. Aulizwe kabla kama anataka mgeni na wa aina gani, alipwe mwenyewe kila mwezi, na mwisho wa safari maoni yake kuhusu mwanafunzi yahesabiwe kwenye alama.