Basenji habweki na anaruka uzio: jibu

Ndugu, umeuliza kama mbwa wako wa mbegu ya Basenji, wa miezi minane, ni mgonjwa kwa kuwa habweki, na kwa nini anatafuna viatu na kutoroka ukiwa kazini. Kutobweka si ugonjwa, ndivyo mbegu hii ilivyo. Ndiyo maana wawindaji wa Kongo humvisha kengele ya mbao shingoni, wajue yuko wapi anapofukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu.

Huo uharibifu ni nguvu zisizo na kazi. Mtembeze saa nzima kila siku, nusu alfajiri kabla hujaondoka, nusu jioni. Usimfungue kamba mahali pa wazi: akiona paka au sungura, hasikii tena jina lake. Uzio wako wa wavu wa mita 1.2 kwake ni ngazi, anauparamia. Weka mabati upande wa ndani hadi mita 1.8, na uzike wavu sentimita 30 asichimbe.

La kuzingatia zaidi ni figo. Mbegu hii hurithi ugonjwa wa Fanconi, ambapo figo huvujisha sukari na madini kwenye mkojo. Kipimo cha vinasaba kipo, kwa hiyo muulize aliyekuuzia majibu ya wazazi wake. Akifikisha miaka 3, pima sukari ya mkojo kila mwezi kwa vile vijiti vya famasi. Ikionekana, hasa kama anakunywa maji na kukojoa kupita kiasi, daktari wa mifugo apime na sukari ya damu. Ikiwa ya damu ni ya kawaida, hicho si kisukari, na insulini itamdhuru.