Kisu cha Kazi Kwenye Begi: Je, ni Kosa?

SWALI: Salamu mzee. Mimi ni fundi wa stima hapa Nakuru, naishi Free Area. Mwezi jana nikitoka kazini Lanet, saa tatu usiku, askari wa doria walinisimamisha wakanipekua. Walipata mfukoni kisu changu cha kukunja, ninachochunia waya. Walisema ni silaha, wakanizuia kama saa mbili, kisha wakaniachilia bila kunirudishia kisu. Jumapili nyingi hupanda Menengai na wenzangu, na kisu hichohicho ndicho tunachokatia matunda na kamba. Sheria inanikataza kukibeba? Kuna urefu unaoruhusiwa?
Fundi, Nakuru

JIBU: Pole sana, kijana wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilikuwa karani wa mahakama miaka mingi, na shtaka la kupatikana na silaha nimelisoma kwa kinywa changu mbele ya vijana wa rika lako.

Hutoka kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Kinamhusu mtu aliyepatikana na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikusudia kutenda kosa kubwa la jinai. Kifungo chake si chini ya miaka 7, wala si zaidi ya 15. Ni adhabu ya kutisha, ndiyo maana nataka ukielewe vizuri. Hakitaji urefu wa kisu hata kidogo. Zile inchi 3 ambazo watu husimuliana ni za sheria ya Uingereza kuhusu visu vya kukunja, hazituhusu. Kwetu sisi, kesi nzima huning'inia kwenye neno hilo moja: mazingira.

Nakumbuka kisu kimoja kilicholetwa mezani kimefungwa kikaratasi cha kielelezo kwa uzi. Hakimu alikifungua, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniita nikitazame. Kwenye bawaba palikuwa na vipande vidogo vya plastiki nyekundu, ile ngozi ya waya. Mshtakiwa alikuwa amesema ni fundi, na kisu kilikuwa kikisema hivyohivyo. Aliachiliwa. Lakini nimeona pia kisu cha jikoni kilichoviringishwa gazetini na kuchomekwa kiunoni mgongoni, saa nane za usiku, na mwenyewe hakuwa na neno la kueleza. Huyo hakwenda nyumbani.

Kwa hiyo usikiweke kisu chako kwenye mfuko wa suruali. Kiwe kimekunjwa ndani ya begi, pamoja na testa, koleo na utepe wa kuzuia umeme. Ukisimamishwa, usiingize mkono kukitoa, tafadhali sana. Usiku askari haoni fundi, anaona mkono unaochomoa kisu. Mikono yako ionekane, useme mapema: "Afande, nina kisu cha kazi, kiko ndani ya begi." Akitoe yeye mwenyewe. Namba ya simu ya mteja uliyetoka kwake itakusaidia kuliko maelezo marefu.

Menengai nenda nacho, ila kazi ya kukata ikiisha kirudi begini. Penye lango la hifadhi, mwambie askari wa zamu kabla hajakupekua, na akisema kiache, kiache. Kwenye ndege kutoka Kisumu kiweke katika mzigo unaokabidhiwa, si ule wa mkononi. Mkutano wa siasa au maandamano usiende nacho kabisa, hata kama umetoka kazini moja kwa moja: Katiba, kifungu cha 37, inatupa haki ya kukusanyika kwa amani na bila silaha, na Sheria ya Utulivu wa Umma ina kosa lake kwa anayebeba silaha hapo.

Ukikamatwa tena, kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili. Lazima ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya mahakama, kama wikendi.

Kuhusu kile kilichobaki kwao, nenda kituoni asubuhi, si jioni, na begi lako la kazi mkononi. Eleza siku, saa na mahali, uombe jambo hilo liandikwe kwenye kitabu cha matukio (OB), nawe upewe namba ya OB. Ukishaipata, niandikie tena.