Usichimbe mtaro kabla hujajua maji yanatoka wapi

Nje kidogo ya Mafinga, mkoani Iringa, Tanzania, nina nusu ekari katikati ya misindano. Miti ilipovunwa vikabaki visiki, nami nikaona hapa ndipo pa kupanda parachichi. Desemba mvua zilipochanganya, pote pakawa tope. Miche ikaanza kunyauka huku imesimama ndani ya maji. Nikang'oa mmoja: mizizi myeusi, inanuka. Parachichi halivumilii maji yaliyotuama. Mizizi hukosa hewa, uozo ukaingia, na mche ukifika hapo ni vigumu kuuponya.

Nilikosea kwa haraka. Nilichukua vijana wawili tukachimba mtaro katikati, palipolowa kuliko kwingine kote. Hatukuupa pa kutokea, basi ukajaa na kubaki umejaa hadi Juni. Mzee jirani akapita, akautazama, akasema, "Mwanangu, maji haya si ya mvua ya hapa tu. Mengi yanashuka kutoka mgongo ule." Alinionyesha mwinuko ambao machoni pangu ulikuwa tambarare kama kwingine.

Msimu uliofuata sikushika jembe. Kila baada ya mvua kubwa, kesho yake nilizunguka na vigingi, nachomeka kila mahali maji yalipokuwa bado yamesimama. Kufikia Aprili vigingi vilikuwa vimechora njia ya maji kutoka ule mgongo hadi kona ya chini. Nilichimba pia vishimo vichache. Juu udongo mweusi unaochuruzika maji, chini yake tabaka gumu lililoshindiliwa na magari ya magogo, na chini ya hilo udongo mkavu kabisa! Hapo nikaelewa kwa nini maji hayazami. Isitoshe, misindano iliyokuwa ikiyanywa haipo tena.

Kiangazi ndipo tukachimba mtaro wa kukinga, ukingo wa juu wa shamba, kina cha nusu meta, kuta zimelazwa ili zisibomoke, udongo ukitupwa upande wa chini. Jicho linadanganya sana mahali tambarare, kwa hiyo tafuta bomba la mpira linaloonyesha maji ndani, lile wanalopimia levo mafundi ujenzi. Lijaze maji, hakikisha halina mapovu ya hewa, kisha linganisha usawa wa maji kigingi kwa kigingi. Mimi nilishusha sentimeta 1 kwa kila meta. Kwa meta 40 mwisho wa mtaro uko chini kwa sentimeta 40, nao unamwaga kwenye majani mazito, mbali na shamba la jirani. Kama uko karibu na mto, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda meta 60 kutoka ukingoni. Usiende kuchimba humo.

Ndani ya shamba tulivunja lile tabaka kwa sululu pale tu penye mashimo ya miche, tukainua tuta la nusu meta kwa kila mche. Kona ya chini sikuikausha. Nimepanda magimbi, na yanastawi vizuri kuliko kitu kingine chochote shambani.

Kinachonisumbua sasa ni majani ya misindano. Yanaanguka mtaroni, yanashikana kama mkeka, na maji yanapanda juu. Oktoba naukwangua wote kwa sepetu, na Februari narudia, hasa kwenye ile meta kumi ya mwisho ambako mteremko unaonekana kama haupo.