Barua kwa mwanangu: kukaa si uvivu

Mwanangu Hadija,

Salamu kutoka Busia. Huku hatujambo, baba yako bado anagombana na magoti yake. Ujumbe wako nimeusikiliza hadi mwisho. Unasema kazi ya kupokea simu za wateja imekunyima usingizi, mwenzako akakupeleka Garuga, kwenye kile kituo cha Wabudha, wakakufundisha kukaa dakika kumi na kufuata pumzi. Sasa kila ukifumba macho yanakujia matusi ya wateja na karo ya mdogo wako. Unauliza uendelee, au wewe huwezi?

Kuweza utaweza. Bhante Buddharakkhita, aliyeanzisha kituo hicho mwaka 2005, ni Mganda mwenzetu, naye alijifunza ukubwani. Na kama nimekuelewa, unahesabu pumzi moja hadi kumi, ukipotea unaanza tena moja. Basi huko kuanza tena ndiko kazi yenyewe. Nani aliwahi kuacha kuwaza kwa kukatazwa kuwaza? Miguu usiikunje kwa nguvu, kiti kinatosha, mgongo tu uwe wima. Hata muuguzi wangu wa presha huniambia nitoe pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, moyo upunguze mbio. Vidonge hajaniachisha, lakini.

Mimi la kwangu ni hili: huko Kampala, nani anakuona ukikaa? Maana unaishi na shangazi yako, na shangazi yako tunamjua.

Mwaka 2009, soko letu la Owino pale Kampala lilipoungua mwezi wa Februari, wewe ulikuwa kwa bibi Tororo, ukasimuliwa tu. Mimi nilifika nikakuta robota la blauzi limegandamana, limekuwa kitu kimoja cheusi. Juu kimepoa, ukikipasua ndani bado kinafuka moshi, na vifungo vimeyeyuka vimening'inia matone matone. Robota lenyewe nililinunua kwa mkopo wa chama. Jirani yangu wa sokoni, yule mama wa viatu, akanishika mkono, tukapanda teksi ya Gayaza, akanishusha Kikaya, kwenye hekalu la Wabahai. Lile lipo kilimani tangu 1961, lina milango tisa, na hakuna anayekuuliza umeingilia upi wala dini yako ni ipi. Mahubiri hakuna. Nilikaa. Sikulia, sikuomba. Nilikaa mpaka nikasikia tumbo linanguruma, ndipo nikakumbuka kwamba sijala tangu jana yake.

Jioni chama kikakutana kwangu. Mweka hazina akasema mbele ya watu, "Sisi tunamlilia hasara, kumbe mwenzetu alikuwa kilimani anapunga upepo." Wakacheka. Shangazi yako naye akacheka. Alicheka nyumbani kwangu, ameshika kikombe changu, anakunywa chai yangu! Lile deni nililimaliza, na mweka hazina nimeshamsamehe. Kile kicheko bado.

Ndiyo maana nakwambia, Hadija, kukaa si uvivu. Mwanaume akikaa barazani kutwa nzima husemwa anafikiri. Mwanamke akikaa kidogo tu, ataulizwa vyombo vimeoshwa na nani.

Ingawa bibi yako angenipinga. Yeye alisema dawa ya mawazo ni kazi ya mikono, na kweli, nikiwa na sinia la mchele mapajani, mawe huku, chuya kule, huwa natulia. Natulia? Mikono inatulia, kichwa kinapiga hesabu za madeni. Halafu Kikaya nako nilikaa na blauzi hazikufufuka, kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza kulinifaa nini. Kulinifaa, nilikula, nikalala. Kesho yake nikamwendea mweka hazina kupanga malipo bila kumtukana, na matusi nilikuwa nayo tayari.

Watakaosema umebadili dini, waache. Sisi wenyewe baada ya swala tunakaa na tasbihi. Sisemi ni kitu kimoja, hilo kamuulize sheikh.

Kaa alfajiri shangazi akiwa bado amelala, hata dakika tatu. Au kaa kwenye teksi foleni ikisimama, macho yatazame chini tu bila kuyafumba, na kamba ya mkoba izungushie mkononi, hiyo ni Kampala. Ukiulizwa unafanya nini, sema nimekaa. Usijieleze zaidi ya hapo. Kukaa si uvivu.

Ila meneja anayekupanga zamu za usiku mfululizo, huyo pumzi haitamhamisha. Utatulia, kisha ratiba ya wiki itatoka na jina lako litakuwa palepale. Na nimesikia ulivyozunguka mwishoni mwa ujumbe, ukiuliza kama baba yako aliwahi kuacha kazi bila kupata nyingine. Unataka niseme uache. Au unataka niseme usiache, ili upate wa kumlaumu, sijui. Jibu ninalo na limenikaa kooni. Baba yako anasema ninyamaze, mtoto ameshakuwa mtu mzima. Haya, nimenyamaza. Lakini kile kibanda cha karibu na mpaka bado hakijapata mpangaji. Nilikuwa napita tu, nikauliza na bei.

Mamako