Wageni wa Jumapili na banda la nguruwe

Swali: Dokta, shamba letu liko barabara ya Kasenga, nje ya Lubumbashi. Nkambo, yaani babu yetu, alilifungua, baba akalipanua, na sasa mimi na dada zangu tunataka kupokea familia za mjini kila Jumapili: watembee, wale, watoto waone mifugo. Nkambo anataka ziara ianzie kwa nguruwe wake. Je, beseni la javeli (dawa ya klorini ya kuua vijidudu) mlangoni linatosha kuzuia homa ya nguruwe ya Afrika?

Jibu: Halitoshi, ndugu. Javeli huishiwa nguvu haraka ikikutana na matope na mavi. Anayechovya kiatu kichafu mara moja na kupita amekilowesha tu. Kiatu kinataka kusuguliwa kwa brashi na sabuni kwanza, kisha dawa ikae dakika kadhaa, na sijui nani atamtuliza mtoto wa miaka sita hapo mlangoni. Kwa hiyo wageni wasiingie bandani kabisa. Jengeni uzio wa pili, mita moja au zaidi kutoka ule wa nguruwe, watazamie hapo. Ndani aingie anayelisha tu, kwa buti zisizotoka bandani.

Lakini viatu havinitishi kama sahani. Familia zitakuja na chakula chao, na pengine soseji au nyama ya nguruwe ya kukaanga. Jioni dada anakusanya mabaki ya bukari (ugali) na mifupa kwenye ndoo, na ndoo hiyo, kama ilivyozoeleka nyumbani, inaelekea bandani. Hapo ndipo mazizi mengi humalizikia. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika hukaa miezi katika nyama iliyogandishwa au kutiwa chumvi. Mabaki ya wageni yachomwe au yazikwe kwa kina, mbwa wasiyafukue. Magari yaachwe karibu na barabara. Muulizeni kila mgeni kama anafuga nguruwe uani kwake, maana mjini wapo wengi; huyo hata kwenye uzio asisogee.

Kuku ni rahisi zaidi: wapeni chanjo ya ugonjwa wa Newcastle (kideri) kwa ratiba, watoto waokote mayai, kisha wanawe mikono.

Nkambo msimnyang'anye jukwaa. Mpeni kazi ya munkoyo, kile kinywaji cha uji wa mahindi na mizizi. Aponde mizizi mbele ya wageni, aitie kwenye uji wa mahindi uliopoa kiasi, nao wauone uji mzito unavyolegea na kuwa mwepesi. Akiutia ungali unachemka, vimeng'enya vya mzizi, yaani vile vinavyoulegeza uji, huharibika na uji hubaki vilevile. Aeleze na hilo, watu wa mjini hupenda siri za namna hiyo. Wanywe ule wa jana, kabla haujaanza kulevya. Kwa maoni yangu hilo litawavuta kuliko nguruwe aliyelala.

Anzeni Mei, mvua ikiwa imekwisha. Nguruwe wapya wakinunuliwa, watengwe siku 30.

Na ikitokea Jumamosi mmoja amekataa chakula, ana homa kali, masikio yamegeuka mekundu au zambarau, fungeni geti. Ugonjwa huu haumpati binadamu, ila nguruwe hawana dawa yake. Msichinje, msiuze hata mmoja. Muiteni daktari wa mifugo, na jioni hiyohiyo muwapigie simu wageni wa kesho wasije.