Wasomeeni kwanza kabla hamjabandika ukutani

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi: wanafunzi wakienda kuhoji watu na kuwapiga picha ili wasimulie maisha yao, nani anafaidika, mwanafunzi au yule anayehojiwa? Mi najibu kama mtu aliyefanya hiyo kazi akiwa mwanafunzi na sahivi naisimamia kama mwalimu wa Historia. Jibu langu ni kwamba inategemea kama yule mtu alisomewa kilichoandikwa kabla watu wengine hawajakiona. Mambo ya kamera nzuri sijui mwanga sijui nini, hayo yanakuja baadaye sana.

Mwaka 2016 nilikuwa fom faivu mkoani Tanga. Mwalimu akatugawa makundi ya watu sita sita twende kwa wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, tuwahoji, tuwapige picha, halafu tufanye maonyesho siku ya wazazi. Sisi tukapangiwa upande wa Muheza. Mkonge tulikuwa tumeusoma darasani, kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893 na miche iliyosalimika ikawa 62 tu, kwamba ilifika wakati Tanganyika ikaongoza duniani kwa zao hilo, afu nyuzi za viwandani zikaingia sokoni bei ikaanguka, na mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha 1967. Mtihani ukija unajaza unaondoka. Ila maisha ya manamba mwenyewe, yule kibarua wa shamba la mkonge, yalikuwaje, hapo tulikuwa weupe kabisa.

Mzee tuliyempata alitoka Kasulu miaka ya 50 akiwa kijana mbichi, akaandikishwa na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa inakusanya vibarua mikoa ya mbali, akapanda treni mpaka Morogoro kisha lori mpaka huku. Alipofika akapewa namba na ndo maana wakaitwa manamba, na namba yake alitutajia pale pale bila hata kufikiri, miaka sitini imepita! Akatueleza unaanza alfajiri jua halijawa kali, unakata majani, unaondoa ule mwiba wa nchani, unafunga mafungu ya majani 30 30, yanapelekwa kwenye korona, ile mashine ya kusaga mkonge, zitoke singa, yaani nyuzi zake. Kipande chako, yaani kadi ya kazi, kina siku 30 za kazi, ukiumwa siku hiyo haihesabiwi, na mshahara unausubiri mpaka zitimie.

Sasa mzee mkono wa kushoto alikuwa hana vidole viwili, vilikatwa na korona. Sisi macho yote kwenye ule mkono, tukamwomba auweke juu ya goti tuupige picha. Akauficha chini ya shuka lake akasema, "Nipigeni na mke wangu." Bibi yuko shambani, anarudi saa kumi. Wenzangu wawili walinuna sana maana usafiri wa kurudi ulikuwa wa shida, lakini tukasubiri, na bibi aliporudi akaoga kwanza, akajifunga khanga mpya, akakaa kwenye kigoda karibu na mumewe, tukapiga. Afu akaanza kuongea yeye. Kumbe alifanya kazi shamba lile lile miaka mingi, alikuwa anaanika singa, maji ya mkonge yanawasha mpaka usiku hulali, mtoto mgongoni. Kwenye karatasi yetu tulikuwa na maswali 20 na hakuna hata moja lililomhusu. Mpaka leo hilo linaniuma, kwamba tulitaka kuondoka kabla hajarudi.

Kosa letu kubwa lakini lilikuja shuleni. Siku hizi watu wamezoea picha ya mtu na maneno mawili matatu chini yake, ile staili iliyopata umaarufu sana tangu Brandon Stanton aanze kupiga picha watu wa mitaani New York mwaka 2010, na sisi tukaifuata, tukatafuta maneno mafupi yenye nguvu. Chini ya picha ya wale wazee tukaandika kwa maka pen MHANGA WA MKONGE. Siku ya wazazi mtoto wao wa kiume akaja. Akasimama pale muda mrefu, afu akatuambia taratibu kabisa, "Wadogo zangu, baba hajawahi kujiita mhanga. Kazi ile ndo ilinunua kiwanja na kutusomesha watano." Mwalimu akaishusha picha saa ile ile.

Jumamosi iliyofuata tukarudi watu watatu na daftari, tukawasomea sentensi moja moja pale uani. Tulipoandika "alipelekwa Tanga" mzee akatukatiza, "Nilikwenda. Andika nilikwenda." Habari ya vidole akasema ibaki kwenye maandishi, kwenye picha hapana. Bibi akasema aandikwe kwa jina lake na kazi yake, asiandikwe mke wa fulani. Tulichobandika mara ya pili kilikuwa kirefu, ukurasa mzima, na watu walisimama wakasoma mpaka mwisho!

Najua sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na shule zinatakiwa zichukue ridhaa za watu, ni jambo zuri. Ila mtu akisaini kabla ya kuhojiwa anakuwa ameridhia kitu ambacho bado hakijaandikwa, kwa hiyo mimi wanafunzi wangu nawarudisha. Safari ya kwanza wanaenda bila kamera, wanakaa, wakikuta watu wanapukuchua mahindi wanapukuchua nao. Ya pili wanahoji na kupiga picha, na pozi anachagua mwenyewe. Ya tatu wanasoma kwa sauti mbele yake, akisema futa wanafuta, na wanamwachia picha yake iliyoprintiwa. Wenzangu shuleni wananiambia nauli za safari tatu ni nyingi na muhula ni mfupi, ni kweli, ndo maana kundi moja mwaka huu linahoji mtu mmoja tu.

Mwezi ujao tunaenda tena Muheza, safari hii kwa kina mama waliokuwa wanaanika singa. Pesa ya kuprinti tumeshaitenga.